Mgeni Aliyefikia Stendi

Mara tatu Pancras aliniuliza kwa barua afikie wapi akija Masasi kuposa, na mara tatu nikamjibu kwa herufi kubwa, kama ninavyowaandikia watoto wa darasa la pili ubaoni: KWETU. Mkomaindo, ukishapita hospitali, ulizia kwa dada yake Mwalimu Bartholomayo wa kanisani, hata kichaa atakuonyesha. Sasa niambie wewe unayesoma, hapo kuna nini cha kutoelewa?

Wanasema mapenzi hayana macho. Ya Pancras hayakuwa na masikio pia.

Jumamosi ile ya Novemba, mwaka sabini na mbili, tulimngoja tangu saa sita mchana. Mama alikuwa ameamka mapema akafanya jambo ambalo tangu mwezi wa tano hakuna aliyethubutu hata kulitaja: alifungua chumba cha kaka yangu Cyril. Cyril alikwenda Ruvuma kuvuna mpunga wetu, akakanyaga bomu la kutegwa. Vita vilikuwa vya ng'ambo ya mto, lakini mto haukuvizuia. Kwa mama yetu tulikuwa wawili tu, na baba alishatangulia zamani. Ndiyo maana niliacha kufundisha Makote, kule Newala, nikaomba kuhamia Masasi. Nilikuwa nimesikia kwamba kila jioni mama anapakua sahani ya Cyril, anaketi mbele yake mpaka ugali unakauka.

Huko Makote ndiko nilikomwacha Pancras. Alikuwa bwana shamba, Mfipa wa Sumbawanga, mrefu, mtaratibu, mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimisha umsogelee ndipo umsikie. Sijui kama alifanya makusudi. Anayeijua Newala anajua maji ya kule yalivyokuwa ya shida. Basi kila Ijumaa yule mtu alifunga debe la maji nyuma ya baiskeli, akaja nalo mpaka mlangoni kwangu, jasho linamchuruzika, akasema, "Nimepita tu, mwalimu." Kupita gani kwa maili nane? Wenzangu walihongwa khanga. Mimi nilihongwa maji, na nikahongeka kabisa.

Kwetu sisi ukoo ni wa mama, na mwenye neno ni mjomba. Mwanamume akitaka binti huja yeye. Hulala nyumbani, hula nyumbani, watu wakamwona anavyoamka na anavyoamkia wakubwa, na akishaoa hujenga hapo hapo. Mjomba Bartholomayo alikuwa amekwisha kulitaja jina la mgeni kwa balozi wa nyumba kumi, maana siku zile za vita hukumlaza mtu bila balozi kujua. Akawatajia na majirani wote, nadhani hata mbuzi wao.

"Mgeni siku mbili," alikuwa akitamba barazani, "ya tatu nampa jembe. Tuone huyu bwana shamba kama analijua au analiandikia ripoti tu."

Hata mama alicheka. Nilikuwa nimesahau meno yake yalivyo.

Saa nane ikapita. Kuku akapoa, akapashwa moto, akapoa tena. Saa kumi tukasikia hodi, nikaruka kama mtoto. Alikuwa balozi.

"Karibu, karibu kiti," mjomba akasema.

Balozi hakuketi. Alivua kofia, akaikunjakunja. "Mwalimu, nimetoka kukagua daftari la wageni kule gesti ya Bi Stamili, pale stendi."

"Ehe."

"Mgeni wenu nimemkuta humo. Chumba namba nne."

"Atakuwa mwingine," mama akasema upesi.

"Pancras, bwana shamba, kutoka Newala, kabila Mfipa." Balozi alisema polepole, kama anayesoma tangazo la msiba. "Wafipa wangapi wanapita hapa, Mama Cyril?"

Hakuna aliyenitazama. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kama wangenigombeza. Mama aliinuka akijishika kiuno, akamsindikiza balozi mpaka njiani, wakasimama huko kidogo wakinong'ona. Aliporudi alipita moja kwa moja hadi chumba cha Cyril, akavuta mlango, akaufunga kwa ufunguo. Mimi nilibaki nimeshika sufuria ya wali, sijui niirudishe mekoni au nijifunike nayo uso.

Pancras alifika saa kumi na moja. Mungu anisamehe, pamoja na hasira zote zile, nilipomwona anakuja na suti yake ya kaki iliyopigwa pasi, viatu vinang'aa, nywele amezichana njia pembeni, moyo wangu ulicheka. Miezi sita! Alinitazama mara moja tu, kwa adabu, kisha akashusha macho. Lakini mtazamo ule mmoja ulinikuta mwili mzima. Mkononi alikuwa na blanketi jipya la kumpa mama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu. Safari ilikuwaje?"

"Njema, mzee. Vumbi tu."

"Umefikia wapi?"

Pancras akatabasamu. Masikini, alidhani ameulizwa swali alilolisomea. "Nimechukua chumba pale stendi, mzee. Nimeona si heshima kuja kuwaangukia na mizigo."

"Si heshima," mjomba akarudia.

"Ndiyo, mzee. Kwetu mposaji halali kwa wakwe zake. Hata maji hunywa kwa kulazimishwa. Mama yangu akisikia nimelala hapa kabla ya kutambulishwa, atasema amezaa mtu asiye na haya."

"Na mimi nikisikia umelala stendi, niseme nimempata mkwe wa namna gani?"

Tabasamu la Pancras likaondoka polepole. Alinigeukia. Nilitaka kusema, si nilikuandikia! Lakini mbele ya mjomba binti haongei posa yake. Nikang'ata mdomo.

"Kijana," mjomba akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu aliyechoka ghafla. "Sikulaumu kwa mila zenu. Hukuzijua zetu, na sisi hatukuzijua zako. Lakini nilikutaja kwa watu wote hapa kwamba usiku wa leo ninalaza mwana. Sasa mtaa mzima unajua kwamba mwana kaona heri kitanda cha kukodi. Anayelala stendi ni abiria, na abiria hapewi mtoto wa watu."

"Mzee, sikukusudia..."

"Kitanda kilikuwa cha mwanangu." Hiyo ilikuwa sauti ya mama, kutoka ndani, nyuma ya pazia. "Tangu afe hakijalaliwa. Nilikutandikia wewe, baba."

Blanketi lilikuwa bado mapajani mwa Pancras. Hakujua aliweke wapi.

Mjomba akatoa neno ambalo, namjua, lilimgharimu. "Kosa la kutojua linasameheka. Kesho tukitoka kanisani, njoo na mzigo wako. Ukija nao, nitakupokea mwenyewe pale njiani, mbele ya wale wale niliowatajia, na habari ya leo itakuwa imekwisha. Ukija mikono mitupu, tutakunywa chai, tutaagana vizuri. Nadhani nimesema."

"Umesema, mzee."

"Utakuja na mzigo?"

Hapo, msomaji, mwanamume anayekupenda hujibu kabla swali halijaisha. Pancras alitazama viatu vyake vinavyong'aa.

"Nipe usiku huu nifikiri, mzee," akasema.

Jumapili, kengele ya kwanza ilipolia, mjomba alishika njia ya kanisani na koti lake jeusi. Mama alisema miguu inamuuma, atasali nyumbani. Mimi nilitoka na kitabu cha nyimbo, nikapiga hatua za mwimba kwaya mpaka kwenye kona, kisha nikashika njia ya stendi, karibu nikimbie. Binti wa familia yetu, mwalimu wa shule, anaingia gesti mchana kweupe! Nilijua nitakavyosemwa. Sikujali, maana usiku kucha nilikuwa najiuliza ni kitu gani mtu anakifikiri usiku mzima kama si cha kunikataa.

Bi Stamili alikuwa amekaa mlangoni anapepeta mchele. "Mwalimu! Jumapili, na kitabu cha Mungu kwapani, kwangu?"

"Shikamoo, Bi Stamili. Nina maneno na mgeni wa namba nne."

"Marahaba." Alinitazama vizuri, mzaha ukamtoka. "Nenda, mwanangu. Mlango uache wazi, na mimi siondoki hapa. Atakayekusema, nitamwambia nilikuwepo na nilisikia kila neno."

Mlango wa namba nne ulikuwa wazi. Pancras alikuwa amepiga magoti anakaza kamba. Nikasimama pale kizingitini, na kabla hajageuka nikawa nimekwisha kuona yote. Sanduku la bati. Baiskeli imeegemezwa ukutani. Taa ya chemli imeviringishwa gazeti. Godoro limefungwa. Sufuria mbili, moja ndani ya nyingine, na lile debe.

Mtu anayekuja kuposa kwa siku tatu haji na sufuria.

"Unahama," nikasema.

Akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Cecilia."

"Nimeuliza, unahama?"

"Barua ya uhamisho ilifika wiki mbili zilizopita. Narudishwa Sumbawanga. Kuna lori la Tunduru linaondoka saa nne. Mvua zikianza, ile njia inafungwa mpaka mwakani, na natakiwa niripoti kabla mwezi haujaisha."

"Saa nne ya leo?"

"Ya leo."

Nikakaa juu ya sanduku. "Kwa hiyo yale ya jana, mila zenu, haya zenu, mama yako..."

"Yale ni kweli! Naapa ni kweli. Lakini hayakuwa yote." Akaja akachutama mbele yangu, akanishika mikono. Ilikuwa ile mikono mikavu, yenye alama ya usukani wa baiskeli. "Ningewezaje kulala kwenu, Cecilia? Nile kuku wa mama yako, mjomba anionyeshe mahali pa kujenga, na kichwani nina lori la saa nne? Kitanda cha stendi hakinidai chochote. Nilisema nitafikia hapa, nije nikupose kwa adabu, halafu nikwambie wewe kwanza, peke yako. Jana sikupata hata dakika moja na wewe."

"Ungeniandikia!"

"Ungenikataza nisije. Na mimi nilitaka nikuone."

Nilitaka kumpiga kile kitabu cha nyimbo. Nilitaka pia kulaza kichwa changu pale begani kwake, nilale mpaka mvua zije, njia ifungwe. Mtu mmoja anawezaje kutaka vyote viwili kwa wakati mmoja? Nilivitaka.

"Twende," akasema. "Leo hii. Nitarudi mwakani na wazee wangu, nitamwangukia mjomba wako mbele ya kanisa zima. Padri wetu atatuoa, au mchungaji wenu, yeyote. Twende tu."

"Na mama?"

Akageukia ile baiskeli ukutani.

"Pancras, mama yangu ana mimi tu. Jana ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu mwezi wa tano, na alicheka kwa sababu ya mtu anayekuja kulala katika kile chumba. Nikiondoka leo, kesho atapakua sahani mbili za watu wasiokuwepo."

Alifumba macho. Nje nilisikia ungo wa Bi Stamili umenyamaza.

"Basi niambie nibaki," akasema. "Niambie hivi: Pancras, nakupenda, baki. Nabeba hili sanduku kichwani, natembea nalo mpaka Mkomaindo mbele ya hao watu wote. Naacha kazi. Nitalima. Neno moja tu, Cecilia."

Nilimwamini. Hilo ndilo lililoniua, kwamba nilimwamini. Angebeba. Lakini nilimjua pia yule mtu. Alikuwa na wadogo watatu shuleni kwa mshahara wake, na baba asiyeona vizuri, na ile kazi aliipenda, aliongea na mikorosho kama mimi ninavyoongea na wanafunzi. Ningemwona mwaka wa kwanza anacheka, mwaka wa pili ananyamaza, na wa tatu ananitazama kwa yale macho ya mtu anayehesabu alichokiacha. Nikisema nakupenda, anapotea yeye. Nikisema nakupenda na nikaenda, anapotea mama. Njia ilikuwa moja tu ya kila mtu kubaki na chake, isipokuwa mimi.

Nikatoa mikono yangu mikononi mwake.

"Siwezi kusema neno hilo," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si kweli."

"Nini si kweli?"

"Kule Makote nilikuwa mpweke, Pancras. Uliniletea maji, nikashukuru. Nikadhani kushukuru ndiyo kupenda." Sauti ilitoka kavu, imara, ile ya mwalimu wa darasani. Sijui niliitoa wapi. "Tangu nimerudi kwetu nimeona tofauti. Jana ulipokawia nilikasirika kwa ajili ya mjomba, kwa aibu ya watu. Kwa ajili yako sikusikia kitu. Simpendi mtu kiasi cha kumwachisha kazi. Sikupendi wewe kiasi hicho. Wala kiasi chochote."

Alinitazama. Alinitazama muda mrefu, akitafuta mahali palipo wazi usoni mwangu ili aingie. Nilipafunga pote. Baadaye akainuka, akapangusa magoti ya suruali, akaitafuta ile kamba, fundo likamshinda. Nikamfungia mimi.

"Blanketi mpe mama," akasema, akinipa lile alilorudi nalo jana, bila kunitazama. "Mwambie anisamehe kitanda."

"Nitamwambia."

"Ukija siku moja kutembea Sumbawanga..." Akaanza, kisha akaona jinsi neno lenyewe lilivyo la kipuuzi, akaliacha.

Nikatoka. Bi Stamili alikuwa analia juu ya mchele wake.

Nilirudi kwa njia ya nyuma ili nisikutane na watu wa kanisani. Nilikuwa nimepanga nijifungie nilie, nikimaliza nioshe uso, nipike, na mambo yaendelee. Lakini mama alikuwa barazani. Amevaa gauni lake la Pasaka. Miguuni pake kulikuwa na kifurushi kilichofungwa kwa khanga, na nilizitambua nguo zilizochungulia pembeni. Zilikuwa zangu.

"Umetoka kwake," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Lori linaondoka saa ngapi?"

Nikashtuka. "Umejuaje kuna lori?"

"Balozi aliniambia jana pale njiani. Mgeni kaandika siku moja, na ana sanduku na baiskeli na godoro. Mtu mwenye godoro anahama, mwanangu, hata mtoto anajua." Akanivuta nikae karibu naye. "Sikulala. Kwanza nilimlaani. Usiku wa manane nikawa najilaani mimi. Wewe huna hata miaka ishirini na mitano, nakukalisha hapa ukinilinda nisiangalie sahani. Cyril nilimnyima ruhusa ya kwenda mtoni, akaenda, nimebaki na ugomvi wetu wa mwisho mpaka leo. Wewe nataka uende na baraka yangu. Nimesema na mjomba wako alfajiri. Kakasirika, kagonga meza, kisha kalia, kakubali. Anawaombea huko kanisani sasa hivi. Mimi nitahamia kwake, nitakula na wanawe. Chukua nguo zako. Uniage, uende."

Nilikuwa namtazama midomo, maneno yananifikia yakiwa yamechelewa.

"Cecilia? Kimbia, mwanangu. Mbona umekaa?"

"Nimemwambia simpendi, mama."

Mkono wake ukasimama mgongoni mwangu.

"Umesema nini?"

"Ili asibaki, asiache kazi. Na ili mimi nisiende, nisikuache wewe. Nimemwambia sijawahi kumpenda. Nimemwambia yalikuwa maji tu."

Kule stendi honi ya lori ililia, mara mbili, ndefu, kama wanavyopiga wakikusanya abiria wa mwisho. Mama alisikiliza mpaka ikakatika. Kisha akanigeuza uso kwa mikono yake yote miwili, akaniuliza kwa sauti ndogo kabisa, kama anayeomba.

"Na yeye akaamini?"

"Ameamini."